Kwa Nini Mawe Yamepiga Kwako na Kwa Jirani Yamepita

Wasikilizaji wetu wa Rujewa, Ubaruku, Igawa, Chimala, Igurusi na Madibira, na ninyi wa upande wa Makambako na Mafinga mnaotupata jioni hii: leo tuzungumzie wingu. Mawingu ni mengi, na mengi yanapita tu juu ya Usangu bila kumgusa mtu. Nataka tuzungumzie lile linalobeba mawe.

Sababu yangu ni hii. Mvua ya mawe ikishapiga katika vijiji vyetu, mtu anasimama kwenye tuta la jaruba lake, mpunga umelala wote, na swali linalomtoka halihusu mvua imetoka wapi. Anauliza: mbona yamepiga kwangu, na kwa fulani hapo ng'ambo ya mfereji hayakugusa hata jani? Ni swali la haki kabisa. Ubaya ni kwamba likikosa jibu zuri linapata jibu baya. Jua halijazama, na tayari kijiweni kuna jina linatajwa. Kuna yule mliyegombana naye mpaka wa shamba. Kuna bibi anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Kuna mgeni aliyekodi ekari tatu mwaka huu na mpunga wake umestawi kuliko wa wenyeji. Kwa hiyo jioni ya leo nitalijibu swali lile kadiri elimu ya hali ya hewa inavyolijibu.

Tuanze na mahali tulipo. Rujewa iko kwenye uwanda wa Usangu, mita elfu moja na ushee kutoka usawa wa bahari. Geukia kusini, mbele yako kuna ukuta wa milima: safu ya Kipengere, na kuelekea magharibi safu ya Uporoto. Huko juu kuna Kitulo, na kuna kilele cha Mtorwi chenye mita 2,961. Anayetoka Chimala kwenda Matamba anaupanda ule mlima wa kona hamsini na saba, na akifika juu anatafuta koti. Kwenye ramani ni mwendo mfupi, lakini amepanda zaidi ya mita elfu moja, na akiendelea hadi Kitulo itakuwa zaidi ya hapo. Mvua nayo inabadilika kadiri unavyopanda: huku uwandani tunapata kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na kule juu kuna sehemu zinazopita 1,500. Mto Mbarali, Mto Chimala, Ruaha Mkuu, mifereji yetu yote, inaishi kwa mvua ya watu wa milimani.

Milima hiyo hiyo ndiyo inayolijenga wingu letu. Msimu ukishaingia, kuanzia Novemba, jua la asubuhi linaupasha uwanda joto. Hewa ya huku chini inabeba unyevu wa ardhi oevu ya Ihefu na wa mashamba ya umwagiliaji, inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikikutana na mteremko wa mlima inasukumwa juu zaidi. Inapopanda inapoa, na unyevu uliomo unageuka matone. Sasa sikilizeni jambo linalosahaulika: unyevu unapogeuka kuwa tone huachia joto, na joto hilo huipa hewa nguvu ya kuendelea kupanda. Wingu linajisukuma lenyewe. Saa saba mchana lilikuwa kipande cheupe juu ya Kipengere. Saa kumi limekwenda juu kilomita 12, pengine 15, kichwa chake kimegonga dari la anga na kutandazika ubavuni.

Katika nchi zetu za joto, ukipanda angani hadi mita 4,500 au 5,000 hivi, umefika kwenye nyuzi sifuri. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya wingu lile imo kwenye baridi ya kugandisha. Hata hivyo maji yake hayagandi yote. Matone madogo yanaweza kubaki maji hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mpaka yaguse kitu. Kitu hicho kikiwa chembe ya barafu, tone linaganda papo hapo juu yake. Mkondo wa hewa unaopanda unaishikilia chembe ile hewani, matone mengine yanaigonga, inakua. Ikipita penye maji mengi inavaa tabaka angavu linaloganda polepole. Ikipita penye maji machache inavaa tabaka jeupe lililoganda haraka na kufungia hewa ndani. Mkilipata jiwe kubwa la mvua, lipasueni kwa kisu kabla halijayeyuka: mtaona tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Mkondo unapolemewa, jiwe linaanguka. La sentimita moja linakuja kwa mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa. La sentimita tano linaweza kufikia kilomita 100 kwa saa.

Likianguka, linaanza kuyeyuka njiani. Kutoka kwenye kimo cha kuganda hadi Kitulo kuna mita 2,000 tu hivi za hewa ya joto. Hadi Rujewa ni karibu 4,000. Hadi Dar es Salaam ni karibu 5,000, na hewa ya pwani ina joto zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzeekea Kariakoo asiwahi kuona jiwe la mvua, na mtoto wa Matamba analijua kabla hajaanza shule. Sisi wa Rujewa tuko katikati: mawe madogo yanatufikia yakiwa maji, na yanayofika yakiwa bado mawe yalitoka huko juu yakiwa makubwa.

Sasa jibu la swali letu. Mkondo ule unaopandisha hewa una upana wa kilomita chache tu, na sehemu yake yenye nguvu ya kulea mawe ni nyembamba zaidi. Wingu zima linaweza kufunika kutoka Chimala hadi Igawa, lakini kiwanda chake cha mawe ni kidogo, na kinasafiri. Upepo wa juu unalisukuma wingu, mawe yanaanguka nyuma ya mwendo wake, na yakifika chini yanachora ukanda. Ukanda huo unaweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa au makumi, lakini upana wake mara nyingi ni mita mia chache hadi kilomita moja au mbili. Ukingo wake unaweza kuwa mkali kiasi kwamba unasimama kwenye tuta, kushoto mpunga umevunjika, kulia umesimama. Ukanda ulipita hapo. Mfereji haukuuzuia, mpaka wa shamba haukuuelekeza. Ungepita dakika kumi baadaye, wingu lingekuwa limesogea, na mwenye kulia angekuwa jirani yako.

Hata ndani ya ukanda mmoja hasara hailingani, kwa sababu mazao hayana umri mmoja. Mpunga uliotoa masuke na kuanza kukomaa ukipigwa unapukutisha punje, na mwaka umekwisha. Mpunga ambao bado unachipua mashina utararuka majani, kisha utatoa mengine. Wanaosoma Biblia wataikumbuka habari hii katika Kutoka sura ya 9. Katika pigo la saba la Misri kitani na shayiri viliharibika, kwa kuwa shayiri ilikuwa na masuke na kitani kilikuwa kwenye maua, ila ngano ilisalimika kwa kuwa ilikuwa bado haijakua. Aliyeandika maneno yale alikuwa na jicho la mkulima. Na Waislamu wanaijua aya ya 43 ya Sura An-Nur, inayotaja mawingu makubwa kama milima yenye mvua ya mawe ndani yake, ambayo Mwenyezi Mungu humpiga nayo amtakaye na kumwepusha nayo amtakaye. Vitabu vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake, vimeona jambo lile lile linalotusumbua Usangu: mawe yanapiga hapa na kuruka pale. Na vyote viwili havikumpa jirani yeyote uwezo huo. Nawaomba viongozi wetu wa dini mlitilie mkazo hilo, maana mimbari yenu inasikilizwa kuliko redio.

Lugha yetu nayo ina mchango wake, na ni mchango wa kuangalia kwa makini. Kiswahili kimekua pwani, ambako mawe haya ni nadra. Huko "mvua ya mawe" watu wameisikia zaidi katika vitabu vya dini na katika magazeti: vijana waliwamiminia polisi mvua ya mawe, timu fulani imepigwa mvua ya magoli. Katika semi hizo zote yuko mrushaji. Sisi wa bara tukalichukua neno hilo kwa kitu halisi kinachoanguka kutoka angani, na mrushaji wake akaja nalo. Tunasema "shamba limepigwa". Tunasema "amepigwa na radi". Sikio linasubiri jina la aliyepiga, na asipokuwapo linamtafuta. Kutoka hapo hadi "radi ya kutumwa", maneno yanayosemwa sana Sumbawanga na hata huku kwetu, ni hatua moja. Sidai tuache kusema hivyo, lugha ni ya watu wote. Nasema tujue inatuvuta upande gani.

Na kuvutwa huko kuna gharama. Wazee, hasa akina mama wajane, wamedhurika katika nchi hii kwa kutuhumiwa kuwa wachawi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inahesabu kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi kama inavyohesabu kuwa kosa kujidai mchawi. Kwa maneno mengine, anayesimama kijiweni na kusema mawe haya yametumwa na bibi fulani, yeye ndiye aliyevunja sheria jioni hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji ana wajibu wa kumnyamazisha palepale, kabla maneno hayajafika kwa vijana wenye hasira na hasara.

Wapo watakaosema mawe makubwa ni ya milimani, uwandani hayawezi kuua. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga Mwakata, wilayani Kahama, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Kahama si mlimani. Ni nyanda za mita elfu moja mia mbili hivi, hazitofautiani sana na hapa tulipo. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo, zikaloa, zikasukumwa na upepo, zikawaangukia waliolala. Hivyo nikisema wingu la mawe ni hatari sizungumzii mpunga peke yake. Nazungumzia pia ukuta wa tofali mbichi ambao haujapigwa plasta upande unaokuja mvua, na paa lililoshikiliwa kwa mawe badala ya kufungwa kwa waya.

Wenzetu wa Kenya wamepambana na wingu hili kwa muda mrefu. Kericho na Vilima vya Nandi, kwenye mashamba ya chai, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 1960 walijaribu kurusha roketi za kulipuka ndani ya mawingu, kisha wakatumia ndege kupanda kemikali ya ayodidi ya fedha, kwa matumaini kwamba mawe yangekuwa mengi na madogo badala ya machache na makubwa. Ulaya nako, tangu mwisho wa karne ya 19, wapo waliofyatua mizinga kuelekea mawinguni. Mpaka leo sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba mizinga hiyo ilizuia kitu. Lililonivutia zaidi katika habari za Kericho ni kazi ya mtafiti Russell Schnell, aliyeonyesha kwamba mabaki ya majani ya chai yanayooza chini ya mimea yana chembe zinazosaidia maji kuganda. Wachumaji wanapopita, vumbi lake linapanda. Inawezekana shamba lenyewe linalisaidia wingu kupata mbegu za mawe yake.

Sisi tufanye nini? Kwanza tulisome wingu. Tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli, lakini kwa mawe inabidi ujue ni wingu gani. Litazame linavyokua: likipanda juu haraka, pembe zake zikiwa kali na nyeupe, kisha kichwa kikatandaa, hilo si la kupuuza. Chini linakuwa jeusi, pengine lenye kijani au samawati. Rangi hiyo peke yake haithibitishi mawe, inaonyesha wingu ni nene na limejaa maji. Tazama kama kuna pazia jeupe linaloning'inia kati ya wingu na ardhi. Sikiliza: mngurumo wa mawe ni wa mfululizo, haukatiki kama wa radi. Upepo wa joto ukinyamaza ghafla, kisha ukaja wa baridi kutoka upande wa wingu, zimebaki dakika chache. Toka jarubani. Usikimbilie mtini, maana wingu la mawe ni wingu la radi. Ingiza watoto ndani, mifugo zizini, na keti mbali na madirisha na ukuta dhaifu.

Pili, tusikilize utabiri mpaka mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi tatu za maneno: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, na kila moja ina rangi yake, njano, chungwa na nyekundu. Lakini kuna maneno mengine mawili watu wanayacheka. Mtangazaji anasoma: "mvua zinazoambatana na ngurumo za radi katika maeneo machache", na mtu anazima redio akisema hawa wanajihami. Jamani, mtabiri hajajihami. Ameeleza wingu kama lilivyo. Radi inazaliwa barafu inapogongana na barafu ndani ya wingu, kwa hiyo kila unaposikia ngurumo, juu yako kuna barafu, hata kama itakufikia ikiwa maji. Na "maeneo machache" ndiyo ule ukanda mwembamba. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia asubuhi kwamba mawe yatapita kwenye jaruba lako saa kumi. Rada ya hali ya hewa inaweza kuliona wingu lililokwisha kujijenga na kukadiria kilichomo, na Mbeya nayo imepata rada yake. Ombi langu kwa wataalamu wetu ni moja: wingu linapoonekana kwenye rada likiwa na dalili za mawe, tajeni mawe kwa jina lake, na mtupe habari hiyo sisi wa redio za mikoani palepale, tukatize hata muziki.

Elimu ya wazee isiwekwe kando pia. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alikuja kuiongoza Mamlaka hiyo, pamoja na watafiti wenzake Yanda na Ngana, walichapisha utafiti walioufanya Rungwe na Kilolo kuhusu dalili ambazo wakulima wa nyanda hizi hutumia. Walikuta watu wanatazama miti ya mihemi inapochanua mapema, kati ya Julai na Novemba, na wanasikiliza ndege aitwaye dudumizi, na walizikuta dalili hizo zina uzito katika kuutazamia msimu. Hizo ni dalili za msimu mzima. Za wingu la leo ni nyingine, na wazee wetu wanazo. Vijana, waulizeni babu zenu wingu la mawe hutokea kona gani ya Kipengere na huelekea wapi. Andikeni.

Tatu, mawe yakishapiga, usikimbilie jembe. Mahindi yenye majani matano au chini ya hapo, kichipukizi chake cha kukua bado kimo ardhini. Yataonekana yamekufa, lakini ukisubiri siku tano hadi saba utaona jani jipya linachomoza. Wengi wameng'oa mahindi yaliyokuwa yanarudi. Mwite bwana shamba akague kabla hujaamua, na picha zipigwe siku hiyohiyo. Ukiwa na bima ya kilimo, uliza swali hili kabla ya kulipa: inapima hasara ya shamba langu, au inapima mvua na hali ya mazao ya eneo zima kwa setilaiti? Bima ya namna ya pili inasaidia kwenye ukame, kwa kuwa ukame unapiga kata nzima. Ukanda wa mawe wenye upana wa mita mia tatu inaweza isiuone kabisa.

Ombi la mwisho ni kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Mawe yakipiga kwenu, tembeeni na wekeni alama: yalianzia shamba la nani, yakaishia wapi, upana wake hatua ngapi, jiwe kubwa lilikuwa na milimita ngapi kwa rula ya mtoto wa shule, saa ngapi yalianza. Pelekeni karatasi hiyo kwa ofisa ugani, na nakala mtuletee hapa studio. Mkichora ukanda huo kwenye mkutano wa kijiji, kila mtu ataona njia ambayo wingu lilipita, na hapatakuwa na haja ya kutaja jina la mtu.